Maua ya nyasi za milimani: namna ya kulenga safari yako ukitokea Mombasa

Kila likizo ya mwezi wa nane utaona watu wa Mombasa wanapanga safari ya bara kwenda kuona maua ya milimani. Gari lishakodiwa, watoto washavalishwa masweta, mahamri na viazi vya karai viko kwenye kontena, halafu wakifika juu wanakuta nyasi zimekauka rangi ya vumbi, upepo wa baridi, ukungu, na ua moja moja lililobaki pembeni ya jiwe. Wanarudi wakisema zile picha za mtandaoni ni uongo. Si uongo jamani, picha ni za kweli kabisa, zilipigwa tu wakati wake, na wakati wake haukuwa Agosti.

Swali huwa ni lile lile, ati maua yachanua mwezi gani, na hapo ndo watu wanapotea. Maua ya nyasi za milimani hayafuati mwezi, yafuata mvua. Ukijua mvua ya huko unakokwenda imeanza lini waeza kuhesabu wiki kwa vidole na ufike ukakuta kitu. Ukienda na kalenda peke yake waenda kubahatisha. Basi nataka niwaeleze pole pole, na naelezea mtu anayetokea hapa kwetu, kwa sababu sisi wa pwani tuna shida yetu wenyewe: mvua yetu hailingani na yao, na ukikadiria kwa mawingu ya Mombasa utakosea kabisa.

Mvua yetu na mvua yao

Hapa Mombasa mvua kubwa ni masika. Yaanza mwisho wa Machi au Aprili, na mwezi wa tano ndo wenye maji mengi kuliko yote, wenye maduka ya chini wanajua. Vuli nayo yaja kuanzia Oktoba lakini kwetu huwa nyepesi. Kwa hivyo mtu wa hapa akisikia msimu wa mvua, akili yake yaenda moja kwa moja mwezi wa tano. Sasa toka Mombasa, pita Mariakani, pita Samburu, fika Voi, Mtito Andei, Kibwezi, huko mambo yamegeuka, mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Novemba ndo mwezi wa maji, na masika yaeza kuja vizuri au ikapiga siku chache ikakata. Wakulima wa Makueni na wa Taita chini wanalijua hili vizuri sana, mategemeo yao makubwa ya shamba wanayaweka kwenye vuli.

Ukienda mbali zaidi kusini, mpaka Kitulo kule nyanda za juu za Tanzania, hukuti tena mvua mbili zilizoachana. Ni msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili hivi. Maana yake Januari na Februari, wakati huku kwetu kaskazi yavuma, jua limetubana na feni zazunguka usiku kucha, huko juu kunanyesha na maua yamefurika.

Sababu yake yafuatika. Ule ukanda wa mawingu mazito hulifuata jua, jua likishuka kusini nao hushuka, likirudi kaskazini nao hurudi, kwa hivyo sehemu zilizo karibu na ikweta hupitiwa mara mbili kwa mwaka, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kitulo iko kama nyuzi 9 kusini ya ikweta, huko ukanda ukifika hukaa, zile mvua mbili zinaungana zinakuwa moja.

Na kuna jambo lingine la kulijua. Ulaya mimea mingi huongozwa na joto na urefu wa mchana, kwa sababu mchana wao wa Juni na ule wa Disemba wametofautiana mno. Sisi Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki hata nusu saa. Mmea wa huku ukitaka kujua saa yake imefika wategemea zaidi maji kuingia ardhini. Ndo manake mvua ikichelewa wiki tatu na maua yachelewa, na mvua isipokuja, kama ilivyofeli misimu mfululizo kati ya 2020 na 2022, mimea mingi yenye viazi chini ya ardhi yabaki imelala huko huko yangoja. Kinyume chake ni mwaka kama 2019, bahari ya upande wetu wa Afrika ilipopata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli ikapiga kwa nguvu mpaka Januari. Mwaka kama huo ukisikia tu utabiri, anza kuweka pesa ya safari kando.

Kwa hivyo hatua ya kwanza kabisa ni kutafuta habari ya mvua. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, usome ule wa kaunti unayoenda, si wa Mombasa. Halafu, na hii ndo naiamini zaidi, piga simu kwa mtu aliye kule kule, mwenye gesti, mlinzi wa geti, dereva wa boda, binamu aliyeolewa Wundanyi, yeyote. Muulize mambo mawili tu. La kwanza, mvua ya kulowesha ardhi, si manyunyu, ilianza tarehe ngapi. La pili, nyasi saa hizi zafika wapi, kwenye kifundo cha mguu, kwenye goti, au kiunoni. Hilo la pili watu wanacheka nikiwaambia waulize lakini ndo lenye majibu mengi, na ntaeleza kwa nini.

Urefu wa nyasi wakwambia utakuta nini

Maua kwenye nyasi za milimani hayachanui yote pamoja. Yaja kwa mawimbi, na kila wimbi lina hesabu yake na nyasi, kwa sababu adui mkubwa wa ua fupi hapo si baridi wala mnyama, ni kufunikwa. Ua likishafunikwa na nyasi nyuki haoni, kipepeo haoni, mbegu hakuna.

Wa kwanza kutoka ni wale wenye ghala chini ya ardhi, yaani balbu, viazi, mizizi minene. Chakula cha mwaka jana wanacho tayari, hawangoji majani yatengeneze kingine, mvua ya kwanza ya kueleweka ikiingia udongoni wao wasukuma ua juu, wengine hata kabla ya kutoa jani. Hawa utawakuta nyasi zikiwa bado za kifundo cha mguu, kama wiki mbili au tatu baada ya mvua kushika. Mfano mzuri ni Scadoxus multiflorus, ua jekundu la mviringo kama brashi ya kuoshea chupa, latoka ardhini peke yake kwenye kijiti kinene, na huyu hata huhitaji kupanda mlima, misitu yetu ya pwani anamo. Kundi hili lina haraka, likikupita wiki mbili umelikosa mpaka mvua nyingine.

Kisha nyasi zikifika goti ndo wimbi kubwa, ambalo watu wengi wakisema maua ya milimani wanamaanisha hilo. Okidi za ardhini, jerania, gladiola, jamii ya kunde za porini zenye maua ya njano na zambarau. Hapo mvua ina mwezi mmoja, miwili. Ukiwa una nafasi ya safari moja tu kwa mwaka, lenga hapo.

Nyasi zikishafika kiunoni, wafupi wamemaliza kazi na sasa ni zamu ya warefu, wale jamii ya alizeti wenye vichwa vya njano, na Kniphofia zenye mikuki mirefu ya rangi ya moto. Na nyasi zenyewe! Watu wanasahau kwamba nyasi nazo zachanua. Chukua Themeda triandra, ile nyasi inayogeuka rangi ya kutu mwisho wa msimu na kufunika milima mizima ya Afrika Mashariki, shika suke lake asubuhi na uliweke karibu na jicho, utaona vifuko vidogo vya chavua vyaninginia kwenye nyuzi nyembamba sana, ukipuliza vyatikisika vyote. Hakuna petali hapo, hakuna rangi ya kumwita mdudu, kwa sababu kazi yote ya uchavushaji imeachiwa upepo. Mimi huwa naona raha kumwonyesha mtoto hili kuliko hata okidi.

Mwisho kabisa wabaki Helichrysum, vile viua vya karatasi, vyeupe, vya njano au vya waridi, ambavyo hata vikikauka havibadiliki sura. Hivi ndo wale wa Agosti huwa wanavikuta.

Mlima upi, lini

Wa kwanza ni Chyulu, na natamani kila mtu wa Mombasa apande angalau mara moja. Ile ni milima ya volkano iliyo kati ya Kibwezi na Tsavo Magharibi, kilele chake chafika mita 2,188, na imefunikwa na nyasi laini za kijani, vilima juu ya vilima, huku misitu imejibana mabondeni na kwenye vichwa vya milima. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1983. Ardhi yake ni lava yenye matundu, mvua ikinyesha hapo juu hukuti mto, maji yote yazama, yapita chini kwa chini na kutokea kwenye chemchemi za Mzima, na kutoka Mzima kuna bomba mpaka hapa Mombasa. Wewe uliyewahi kunywa maji ya Mzima ushakunywa mvua iliyoangukia yale maua. Kwa hivyo ukisikia Chyulu kwaungua moto usiseme ni mambo ya Wakamba na Wamasai huko, ni mambo ya ndoo yako.

Kwa Chyulu lenga vuli. Mvua ikishika mapema Novemba, basi kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Disemba ndo dirisha lako, na uzuri wake shule zimefungwa. Mvua ikichelewa sogeza. Baada ya masika pia waeza kwenda, mwezi wa tano, lakini piga simu kwanza, manake kuna miaka masika ya huko haionekani. Kule juu kwenye migongo ya milima ukungu husaidia, usiku na asubuhi waja kulowesha nyasi hata mvua ikiwa imekata, kwa hivyo juu maua hudumu muda zaidi kuliko chini.

Taita ni karibu zaidi, unafika Voi, unakata Mwatate, unapanda Wundanyi, na kilele cha Vuria kiko mita 2,208. Lakini niseme ukweli, Taita uzuri wake ni msitu na mawe, nyasi za wazi ni vipande vipande tu na mashamba yamekula sehemu kubwa. Nenda kwa hewa, nenda kwa mandhari, maua ya nyasi yawe ni nyongeza.

Sasa Kitulo. Hii ni safari kweli, wavuka Lunga Lunga, Tanga, Chalinze, Morogoro, Iringa, mpaka Chimala, na kutoka Chimala barabara yapanda ukuta wa mlima kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu na kupaita Hamsini na Saba, hadi Matamba. Juu ni uwanda wa mita kama 2,600, wenyeji wapaita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 pakawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa sababu ya mimea yake. Aina 350 za mimea zimeorodheshwa, 45 kati yake ni okidi za ardhini. Maua yapamba moto Disemba mpaka Aprili. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni baridi na ukungu, na Septemba mpaka Novemba jua lapendeza kwa kutembea lakini kama umefuata maua utaumia moyo. Mimi ushauri wangu kwa mtu wa Mombasa ni Februari, manake nyasi bado hazijawa ndefu sana na okidi zimeshika, na pia unalikimbia joto la huku. Ujue tu kwamba utanyeshewa. Usiende Kitulo kama hutaki kulowa.

Na ukiwa huko beba nguo nzito kuliko unavyodhani. Kila ukipanda mita 1,000 joto lapungua kama nyuzi 6, kwa hivyo kutoka ufuo wa Nyali mpaka uwanda wa Kitulo umepoteza zaidi ya nyuzi 15. Hesabu hiyo hiyo waeza kuitumia kwa maua: baridi huchelewesha, kwa kawaida mteremko wa chini huchanua kwanza na wa juu hufuata. Ukifika ukakuta mmea umeshafanya mbegu chini, usikate tamaa, panda, huenda mita 300 juu wenzake ndo kwanza wafungua.

Mlima Kenya na Nyandarua zina mvua mbili, lakini ukishapita mita 3,000 na kitu waingia ulimwengu mwingine ambao hesabu yangu ya mvua na goti haifanyi kazi vizuri. Kuna mimea mikubwa ambayo msimu wake si wa mwaka, ni wa miaka. Lobelia telekii, iliyopewa jina la Teleki, yule Mhungari aliyeupanda mlima mwaka 1887 lakini hakufika kileleni, huishi miaka mingi sana ikiwa rundo la majani tu karibu na ardhi, kisha siku moja yatoa mnara wa manyoya unaoeza kumpita mtu kwa urefu, yachanua mara moja, yatoa mbegu, na kufa. Ukitaka kuona maua yenyewe lazima ufungue yale manyoya kwa kidole kwa sababu yamejificha ndani kukwepa baridi ya usiku, yana rangi ya zambarau, na ndege chozi wanajua pa kuyatafuta. Jamaa yake anayekaa mabondeni penye majimaji yeye hafi, hungoja miaka akachanua tena. Kwa hiyo kwa Mlima Kenya nenda wakati wa ukavu, Januari, Februari au Agosti mwishoni, kwa usalama wako wa kutembea, na hiyo minara utakuta mmoja hapa mwingine pale mwezi wowote.

Na kwa wale wanaokwenda India mara kwa mara kwa matibabu au kuona jamaa, milima ya Kerala kuna mmea wa nyasi za juu waitwa neelakurinji, Strobilanthes kunthiana, ambao huchanua wote pamoja kila baada ya miaka 12, mlima mzima unageuka samawati. Ulichanua 2006, ukachanua 2018, kwa hivyo unaofuata ni 2030, karibu na Munnar. Kama safari yako yaeza kusogezwa, isogeze.

Ukifika, angalia wapi na saa ngapi

Tafuta palipoungua. Huenda ukaona ni pabaya, peusi, lakini kipande kilichoungua kiangazi kilichopita ndo huwa na balbu nyingi zaidi mvua ikianza, kwa sababu jua lafika chini na zile nyasi kavu za zamani zimeondoka. Kuna mimea ambayo haichanui vizuri mpaka moto upite. Hii haina maana uwashe moto, tafadhali sana, moto mwingi kupita kiasi hula misitu ya mabondeni na hiyo ndo inayokamata ukungu. Wewe tumia tu palipokwisha kuungua.

Angalia pia pembeni ya mawe, penye mitaro, na penye majimaji. Kwenye bonde lenye tope Kniphofia husimama kwa mamia, ukipanda hatua ishirini kwenye changarawe kavu hukuti hata moja, wakuta kitu kingine kabisa. Watu husimama barabarani wakapiga picha moja wakaondoka, na aina nyingi za maua ziko pale ambapo ardhi yabadilika.

Saa nayo ni muhimu. Kuna maua ya asubuhi tu. Commelina, lile gugu la samawati ambalo hata hapa Mombasa laota kwenye viwanja na karibu na mabomba yanayovuja, hufunguka alfajiri na ikifika saa sita lishanyauka. Waeza kujifunza nalo nyumbani kabla ya safari: lina petali mbili kubwa na ya tatu ndogo hafifu imejificha chini, na ua latoka kwenye jani lililokunjwa, libonye hilo jani taratibu utaona ute. Ua la leo likiisha jingine la kesho liko humo humo ndani. Hypoxis, zile nyota ndogo za njano za milimani, nazo mchana ukizidi hufunga. Kwa hivyo ukitoka gesti saa nne baada ya chai na chapati ushapoteza nusu ya maua ya siku. Toka saa kumi na mbili na nusu. Okidi nyeupe jamii ya Habenaria, jaribu jioni, nyingi zawaita nondo wa usiku na harufu yake huamka giza likikaribia.

Namna ya kusoma mkuki

Hii ndo sehemu naipenda zaidi, na yafanya kazi kwa Kniphofia, gladiola na okidi nyingi. Maua yamepangwa kwenye kijiti na hufunguka kuanzia chini kwenda juu. Kwa hivyo kijiti kimoja chakueleza jana, leo na kesho. Kwenye Kniphofia nyingi vichupa vya juu vikiwa bado vimefunga ni vyekundu au vya rangi ya chungwa, vikifunguka vinageuka njano, na chini kabisa vilivyomaliza vimenyauka vimelegea. Ukiona mkuki ni mwekundu karibu wote na njano ni mstari mwembamba tu chini, umefika mapema, una wiki moja au zaidi mbele yako. Njano ikiwa katikati, hapo ndo penyewe, kaa. Njano ikiwa kwenye ncha tu na chini pameanza kufanya vidonge vya mbegu, umechelewa kidogo, na mwakani toka mapema.

Usiangalie mmoja tu ukakata shauri, kuna wenye haraka na wenye kuchelewa. Angalia kama ishirini hivi, wa juani na wa kivulini, andika wangapi wako chini, wangapi katikati, wangapi wanamaliza.

Daftari

Uandike, manake mwakani hutakumbuka. Mimi natumia daftari la shule la kawaida na penseli, kalamu ya wino ikinyeshewa yachuruzika. Chagua kipande kimoja kidogo ambacho utaweza kukirudia, karibu na jiwe au mti unaoujua, uchukue GPS ya simu. Andika tarehe, mwinuko, mteremko waelekea wapi, nyasi zafika wapi mguuni, paliungua au hapakuungua, na mvua ilianza lini kama ulivyoambiwa na yule wa simu. Kisha kwa kila aina ya ua andika hali yake, kama ni vitumba, limeanza, limejaa, lapungua au ni mbegu. Hujui jina, piga picha ya ua kwa mbele, ya ubavuni, ya majani na ya mmea mzima, weka kidole au shilingi pembeni ukubwa uonekane. Jina litakuja baadaye.

Kama waenda na watoto au kundi la shule, chukueni kamba, pimeni mraba wa mita moja, uweke chini mahali kadhaa bila kuchagua penye maua mazuri, mhesabu yaliyofunguka ndani. Watoto hupenda sana na namba zake ni za maana, manake ukirudi mwaka mwingine mraba ule ule waeza kusema kwa uhakika mwaka upi ulikuwa mwingi.

Kama huna nafasi ya kwenda bara mara mbili kwa mwaka, fanyeni mazoezi Shimba Hills. Si mlima wa kusema, lakini ina nyasi za wazi, ina mawimbi yake ya maua baada ya masika, na asubuhi ukivuka feri ukaelekea Kwale wafika mapema. Jicho ukilizoesha huko, Chyulu utaona mara mbili.

Usafiri na mengine ya mkononi

Chyulu waeza kwenda na SGR, treni ile ya kaunti inayosimama kila stesheni, wapandia Miritini washukia Mtito Andei au Kibwezi, lakini kutoka hapo lazima gari la kuvuta magurudumu yote manne, baada ya mvua udongo ule wateleza vibaya na gari ndogo itakwama, si labda, itakwama. Malipo ya hifadhi za Kenya fanya mapema kupitia eCitizen, usifike getini na noti. Kitulo uwe na pasipoti, na pesa ya Tanzania ubadilishe mapema, kule juu hakuna wa kukubadilishia.

Na usichimbe. Naomba hili niliseme kwa uzito wake. Okidi ukiing'oa milimani ukaileta Mombasa kwenye joto hili itakufa, hakuna ujanja, haijazaliwa kwa hewa hii. Na viazi vyake kule Kitulo vimechimbwa miaka mingi kwa magunia kupelekwa Zambia ambako hupikwa na karanga vikawa chikanda, kiazi kimoja kikitoka mmea umekwisha, hauchipui tena. Ukikutana na anayeuza usinunue hata kwa huruma.

Ukirudi nyumbani, pakia picha zako kwenye iNaturalist, mtandao wa picha za mimea na wanyama, ni bure, watu wanaojua watakusaidia majina, na kwa kila aina utaona chati ya miezi ambayo wengine waliikuta imechanua, isome ukipanga safari inayofuata lakini kumbuka ni ya wastani, wewe bado hesabu mvua. Picha za okidi, kabla hujabonyeza kutuma, ingia kwenye sehemu ya mahali uchague kuficha pointi kamili, tarehe na eneo la jumla vyatosha kwa anayejifunza, na mchimbaji hatapata njia.